Meshi ya ngiri ikishaingia haitoki, basi tuandikiwe ni ipi

Ndugu mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naandika kuhusu hizi habari za meshi za ngiri zinazozunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba ile nyavu ya plastiki wanayowekewa watu kwenye operesheni ya ngiri eti mwili unaikataa, eti inaozea ndani, na wengine wanaenda mbali zaidi wanasema ni chandarua tu na sisi ndo tunafanyiwa majaribio. Mimi ni nesi wa thieta, kazi yangu kusimama pembeni ya daktari namkabidhi vifaa, na meshi nyingi zimepita mkononi mwangu kabla hazijaingia kwa mtu. Naona watu wanakaa na ngiri miaka kwa woga, mtu anaificha na suruali pana au kikoi mpaka siku utumbo unabanwa analetwa usiku anatapika, tumbo limevimba, na hapo tena siyo ile operesheni ya kurudi nyumbani kesho yake, utumbo ukishakufa unakatwa na wengine hawafiki asubuhi. Hiyo inaniuma sana. Ila siji kusema meshi haina shida yoyote, maana hilo nalo si kweli na mgonjwa akidanganywa akaja kugundua mwenyewe hatatuamini tena.

Kwanza ngiri yenyewe. Ni tundu, basi. Ukuta wa tumbo pale kinenani una sehemu dhaifu toka tunaumbwa, ukiachia ndo utumbo au mafuta ya tumboni yanasukuma kutoka nje, unaona uvimbe unatokeza ukikohoa au ukinyanyua mzigo na ukilala unarudi. Tundu halizibwi na dawa ya kunywa wala ya kupaka, wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme ngiri, busha na nguvu za kiume dozi moja, wanakula hela za watu bure.

Zamani daktari alikuwa anavuta nyama za pande mbili anazishona pamoja, ni njia ya daktari Edoardo Bassini wa Italia toka miaka ya 1880, na huku kwetu hospitali nyingi za wilaya bado wanafanya hivohivo. Tatizo nyama iliyovutwa inataka kuachia, alafu wenye ngiri wengi hata kolajeni yao, ile protini inayoipa nyama ukakamavu, ile laini changa imezidi ile iliyokomaa, kwa hiyo unakuta unashona dhaifu kwa dhaifu na uzi ndo unabeba mzigo wote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Francis Usher kule Houston Marekani akaanza kutumia nyavu za plastiki, na mwaka 1989 daktari Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles wakatoa ripoti ya wagonjwa 1,000 ambao hawakuvutwa nyama kabisa, meshi ilitandikwa tu juu ya sehemu dhaifu na kushikizwa. Hiyo ndo njia inayofanywa zaidi mpaka leo. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliojumlisha tafiti 25, ulikuta kwamba kila watu 46 wakiwekewa meshi badala ya kushonwa tu, mmoja anaepushwa kurudiwa na ngiri. Wako wanaofanya vizuri bila meshi, hospitali ya Shouldice kule Toronto inajulikana dunia nzima kwa hilo, lakini pale wanafanya ngiri tu kutwa kucha, mikono yao imezoea, huwezi kulinganisha na daktari wa wilaya ambaye asubuhi kafanya sizeriani mbili na mchana ana mguu uliovunjika.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wengi hawaelezwi, yaani meshi ikishakaa pale mwili unafanya nini. Watu wanafikiri meshi ndo inayoziba tundu milele, kama kiraka. Hapana. Meshi ni nondo, zege ni kovu la mwili wako mwenyewe. Nondo bila zege hazizuii kitu, na daktari anategemea mwili umwage hilo zege. Dakika ile ile meshi inapogusa damu, protini za damu zinajipaka juu ya nyuzi. Siku za mwanzo zinafika seli za ulinzi, kwanza zile za haraka zinazofika kwenye kila kidonda, alafu makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yao ni kumeza uchafu na vijidudu. Makrofaji inakuta uzi wa plastiki, inajaribu kuumeza haiwezi, basi zinaungana kadhaa zinakuwa seli moja jitu yenye viini vingi, zinauzunguka ule uzi zinakaa hapo. Wakati huohuo zinaita seli zinazofuma kovu, mishipa midogo ya damu inaota kupita kwenye matundu ya meshi, na kolajeni inaanza kuwekwa, ile laini kwanza alafu miezi inavyokwenda ngumu inachukua nafasi yake. Ukingoja miezi mitatu hivi meshi imeshashikwa na nyama pande zote.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mwili umekataa meshi kama unavyokataa figo ya mtu mwingine, najua hakuelezwa. Figo inakataliwa kwa sababu seli za kinga zinatambua ni nyama ya mtu mwingine na kuishambulia kuiua. Plastiki siyo nyama ya mtu, haina alama ya kutambuliwa hivyo. Mwili unachofanya ni kuizungushia ukuta. Na hili watu wazima tuambiane ukweli, ule ukuta haulali usingizi. Meshi zilizotolewa kwa watu miaka mingi baada ya operesheni zikipimwa kwa darubini bado zinaonekana makrofaji zimezunguka kila uzi, bado zinakufa na kuja nyingine. Kwa watu wengi hiyo ni shughuli ndogo ya kimyakimya wala hawaihisi, wanalima, wanabeba, wanazaa watoto. Kwa wengine inakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa na hapo ndo pana shida.

Na ukubwa wake kwa kiasi kikubwa unatokana na meshi ni ya aina gani. Hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo. Kila uzi una gamba lake la seli na kovu. Nyuzi zikiwa mbalimbali, katikati yake kunaota nyama laini yenye mafuta na mishipa, ukuta wa tumbo unabaki unakunjika. Nyuzi zikisongamana, gamba la uzi huu linakutana na gamba la uzi ule, hakuna nafasi ya nyama laini, unapata bamba moja la kovu gumu. Watafiti wa Aachen Ujerumani, Klinge na Klosterhalfen, walifanya kazi kubwa juu ya hili, na walichoonyesha ni kwamba kwa meshi ya polipropilini, ile plastiki inayotumika zaidi kwenye meshi, tundu linatakiwa lifike milimita moja au zaidi ili magamba yasikutane. Meshi za zamani zilikuwa nzito, nyuzi nene matundu madogo, zinavumilia nguvu mara kadhaa kuliko tumbo la binadamu linavyoweza kusukuma hata akikohoa namna gani. Nguvu yote ile ilikuwa haina kazi, ilikuwa inaongeza plastiki na kovu tu.

Kuna na hesabu nyingine ya matundu, hii ya vijidudu. Daktari Parviz Amid, wa hukohuko Los Angeles, mwaka 1997 alizigawa meshi kwa matundu yake. Bakteria ana ukubwa wa maikroni moja hivi, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, makrofaji ni zaidi ya maikroni 10. Meshi yenye vijitundu chini ya maikroni 10, au iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizoshikana, bakteria anaingia humo anajificha na makrofaji haiwezi kumfuata. Yenye matundu zaidi ya maikroni 75, karibu na unene wa unywele, makrofaji inapita, mishipa ya damu inapita, dawa inafika. Ndo maana mtu akipata usaha kwenye meshi ya uzi mmoja mmoja yenye matundu makubwa mara nyingi anasafishwa, anapewa antibayotiki na meshi inabaki, lakini ile ya plastiki aina ya Teflon yenye vijitundu vidogo ikishaingia usaha kwa kawaida hakuna namna, inatolewa. Umeona sasa kwa nini jina la meshi si jambo dogo? Wagonjwa wawili, usaha uleule, mmoja sindano mwingine anarudi mezani.

Kingine, kovu lolote likikomaa linajivuta. Aliyewahi kuungua mkono anajua ngozi inavyokaza. Meshi inavutwa pamoja na kovu, watu wanasema meshi imesinyaa wakati plastiki yenyewe haijasinyaa, ni nyama iliyoishika ndo imejikusanya. Amid alikadiria kama asilimia 20. Daktari anayejua hili hakati kipande cha kutosha tundu tu, anaweka kipande kama cha sentimita 7 kwa 15, anakipitisha juu ya mfupa wa kinena sentimita moja mbili, anakiacha kimelegea kidogo, hakazi kama ngoma, na kabla ya yote anatafuta mishipa mitatu ya fahamu inayopita hapo asije akaishona. Nikiwa namkatia uzi daktari wa namna hiyo naona anavyochukua muda kwenye ile mishipa, anaiinua, anaonyesha wanafunzi, hii hapa, msiiguse. Wengine wanaharakisha.

Maana maumivu ndo lalamiko kubwa la kweli la meshi. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyotoka 2018 inasema asilimia 10 mpaka 12 wanabaki na maumivu ya maana zaidi ya miezi mitatu baada ya operesheni, yanapungua muda ukienda, na wale ambao maumivu yanawazuia kazi na maisha ya kila siku ni kati ya nusu asilimia na asilimia 6. Hao si wachache na hawajifanyishi. Mshipa wa fahamu unanaswa kwenye kovu, au umeshonwa, au meshi imejikunja imekuwa donge. Na tuseme pia, wanaoshonwa bila meshi nao wanapata maumivu, maana mishipa ni ileile na kovu lipo vilevile. Miongozo hiyohiyo inasema meshi nyepesi zinaweza kupunguza maumivu ya siku za mwanzo lakini za muda mrefu hazijaonyesha tofauti, na daktari asichague meshi kwa uzito peke yake. Kwa hiyo anayewauzia watu habari kwamba meshi nyepesi ndo mwisho wa matatizo naye anazidisha.

Nimeshuhudia meshi ikitolewa kwa mzee mmoja aliyekuwa hawezi hata kukaa kwenye daladala. Haitoki kama unavyotoa kitambaa mfukoni. Ilikuwa kipande cheupe kigumu kama gegedu, kimejikunja pembeni, nyuzi za bluu zinaonekana kwa mbali ndani ya nyama, daktari anakata kidogokidogo kwa masaa maana imeshikamana na mrija wa mbegu na karibu yake kuna mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Na kilichonikera siku ile ni karatasi. Yule mzee alifanyiwa operesheni ya kwanza hospitali nyingine, alitunza karatasi yake vizuri kwenye mfuko wa nailoni, na kwenye karatasi palikuwa pameandikwa tu ngiri imefanyiwa operesheni, aendelee vizuri. Meshi gani, saizi gani, imeshikizwa na uzi gani, hakuna. Daktari alifungua bila kujua anakwenda kukutana na nini, kumbe siku ya operesheni ya kwanza habari zote zilikuwepo kwenye boksi, boksi likatupwa.

Nirudi kwenye chandarua, maana hili limepotoshwa sana. Ni kweli kuna meshi zinazotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua. Daktari Tongaonkar wa India alianza zamani, na utafiti mkubwa ulifanyika hapohapo jirani, mashariki mwa Uganda, ukachapishwa Januari 2016 kwenye jarida la tiba la New England la Marekani. Wanaume 302 waliwekewa nusu kwa nusu, hawa meshi ya kampuni ya bei ghali, hawa ya kitambaa cha chandarua kilichochemshwa kwa mvuke mpaka vijidudu vyote vikafa. Ya kampuni ilikuwa zaidi ya dola 100, ile nyingine kama dola moja. Baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu upande wa bei rahisi na upande wa ghali hakuna, na matatizo madogomadogo kama uvimbe na maji kwenye kidonda yalikuwa karibu sawa, asilimia 30.8 na 29.7. Hiyo siyo ile neti yenye dawa ya mbu unayogawiwa kliniki. Ni polietilini safi, plastiki nyingine, na kwa makrofaji polietilini na polipropilini hazina tofauti kubwa, inaangalia uzi na tundu, haiangalii bei. Ile miongozo ya 2018 nayo inapendekeza meshi za bei nafuu kwa nchi zenye uwezo mdogo. Mimi ningekuwa na ngiri na daktari mzuri ningeikubali. Ila ningetaka niambiwe kabla na niandikiwe, na huo ndo ugomvi wangu.

Na zile video za WhatsApp zinazotisha zaidi watu, nyingi si za ngiri hata kidogo. Ni za wanawake wa Uingereza na Marekani waliowekewa meshi kupitia ukeni kwa ajili ya mkojo kuvuja au kizazi kushuka, wengine wakaumia vibaya sana, meshi ikatoboa ukuta wa uke. Uingereza ilisimamisha operesheni hizo Julai 2018, Marekani ikaamuru meshi za kizazi kushuka zinazowekwa kwa njia hiyo ziache kuuzwa Aprili 2019. Plastiki ni ileile lakini mahali si pale. Ukuta wa uke ni mwembamba, una bakteria wake wa kawaida, unasogea kila wakati, na kovu likikaza hapo hakuna nyama nene ya kulifunika. Kwa hiyo huwezi kuchukua ya kule ukayaleta kinenani moja kwa moja. Lakini kuna somo moja tunaweza kulichukua kule. Tume ya uchunguzi ya Uingereza iliyoongozwa na Baroness Cumberlege, iliyotoa ripoti Julai 2020, ilitaka kila kifaa anachowekewa mtu kiandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina lake, kwa sababu wale kina mama walipoanza kulalamika hakuna aliyejua ni wangapi wamewekewa nini. Ulaya nako, toka Mei 2021 sheria inataka mgonjwa aliyewekewa kitu cha kudumu apewe kadi yenye jina la kifaa.

Na kuna jambo ambalo huku pwani ni zito na sijaona likiandikwa popote. Meshi za kawaida za ngiri ya kinena ni plastiki tupu, hazina mnyama. Lakini kuna meshi za kibaiolojia, hizo zinatengenezwa kwa ngozi au utumbo wa nguruwe, nyingine za ng'ombe, na kuna meshi za plastiki za kuwekwa ndani ya tumbo zilizopakwa kolajeni ya nguruwe upande mmoja ili utumbo usigandamane na kovu. Muislamu ana haki ya kuulizwa na kujibiwa hili kabla hajalala mezani, awe na nafasi ya kumuuliza shehe wake, au achague nyingine. Mama mmoja wa ngiri ya tumboni aliniuliza, nikaenda kusoma boksi nikamjibu palepale, alishukuru sana. Ilichukua muda mfupi tu.

Ndo maana naomba jambo moja, ndugu mhariri, na naomba gazeti lako lilibebe. Boksi la meshi kwa kawaida linakuja na stika ndani, zimeshatiwa gundi tayari, zina jina, saizi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Zimewekwa hapo makusudi zibandikwe. Moja iende kwenye faili, moja kwenye karatasi anayotoka nayo mgonjwa, na pembeni daktari aandike upande gani, tarehe gani, na imeshikizwa kwa nini. Haigharimu hata shilingi, haihitaji kompyuta, inawezekana kuanzia kesho kwenye hospitali ya rufaa na kwenye kituo cha afya. Na kama ni ile ya kitambaa kilichokatwa na kuchemshwa hapohapo hospitali basi aandike kwa mkono imetoka kwenye rola gani na ilichemshwa lini. Manesi wenzangu wa thieta mnaosoma hapa, hili liko mikononi mwetu, boksi tunafungua sisi.

Na wewe unayengoja operesheni au una baba, mjomba, mume mwenye ngiri, muulize daktari meshi ni ya nini, matundu yake makubwa au madogo, ina kitu cha mnyama au haina. Mwambie kama unavuta sigara au una kisukari, maana vyote viwili vinaharibu uponaji wa kidonda na vinaongeza hatari ya usaha, wengine wanaambiwa waache sigara wiki kadhaa kwanza. Baada ya operesheni uvimbe mdogo na ugumu pale kwenye kidonda kwa wiki kadhaa ni kovu linajengwa, usiogope, lakini homa, wekundu unaotambaa, usaha, au maumivu ya kuchoma yanayoshuka kwenye paja na hayapungui mwezi hadi mwezi, rudi na usikubali kuambiwa ni mawazo yako tu. Rudi na ile karatasi yenye stika.

Wako msomaji,
Nesi wa thieta, Tanga